Kidonge cha Mama Mkwe

Uchungu ulimkuta kwenye cherehani. Alikuwa anamalizia kola ya sare ya shule, na shule zenyewe zilikuwa zinafunguliwa wiki inayofuata, wazazi wanapita kila saa kuulizia nguo za watoto wao. Tumbo likakaza. Akaondoa mguu kwenye kanyagio, akasubiri mpaka likaachia. Akashona mstari mmoja, likakaza tena. Mimba ilikuwa ya mwezi wa saba.

Mwanamke mwingine angepiga kelele. Huyu mshonaji alikata uzi kwanza, akaikunja ile sare, akaipanga juu ya nyingine, ndipo akamwita mama mkwe wake aliyekuwa anafua uani.

"Mama, tumbo linabana."

"Ni tumbo la kuhara au la uchungu?"

"La uchungu."

Mama mkwe aliliacha shuka kwenye beseni na mapovu yake. Mwaka juzi, katika nyumba hiyo hiyo, mshonaji alibanwa hivyo hivyo, mwezi huo huo wa saba, na mtoto aliyezaliwa aliishi asubuhi moja tu, akihema kwa shida mpaka akachoka. Hakuna aliyelitaja jambo hilo walipokuwa wanahangaika kutafuta gari. Halikuwa na haja ya kutajwa.

Mama mkwe mwenyewe mtaani walimwita Famasi, na jina lilimkaa. Alikuwa na presha ya siku nyingi, na vidonge vyake alivitia kwenye kipochi cha zipu alichokichomeka kifuani, haendi popote bila hicho. Wenye presha wa mtaa ule walikuwa na utaratibu wao: aliyeishiwa anakopa kwa jirani kama anavyokopa chumvi au kiberiti, akipata anarudisha, asipopata basi yameisha. Famasi hakumnyima mtu. "Kichwa kinakugonga? Shika, kitafune kiingie haraka, ukalale." Hiyo ndiyo ilikuwa hospitali yake. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfia mikononi, alijiamini kuliko hata wenye vyeti.

&nbsp;

Wodini walipewa kitanda cha dirishani. Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, miwani inaning'inia shingoni, mwendo wa mtu ambaye hajakaa tangu asubuhi. Mbele yake wagonjwa walimwita sista. Nyuma yake walimwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuuliza maswali ambayo majibu yake alikuwa nayo tayari. Alimfunga mshonaji kitambaa cha kupimia presha, akaanza kuminya mpira.

"Sista, huyu kabanwa akiwa kwenye cherehani," Famasi alianza. "Nilishamwambia mimi, kile kiti chenyewe hakina hata mgongo, mtu anainama toka—"

"Usiongee nikipima, mama."

"Mimi namweleza tu sista ili—"

"Usiongee. Nasikiliza."

Famasi akafyata ulimi. Kitanda cha jirani mtu alicheka chini ya shuka. Mwanamke ambaye kwao akifungua mdomo watu wanaacha kazi zao wamsikilize, leo ananyamazishwa kama mtoto mbele ya mkwe wake. Kulimchoma, na hakukusahau.

Muuguzi alisikiliza na moyo wa mtoto. Akauliza kama kuna damu au maji yaliyotoka, kama kuna homa, kama kifua kinasumbua. Hakuna. Daktari alikuwa ameshampima na kukuta njia imefunguka kidogo tu. Ndipo muuguzi akavaa miwani yake, akachukua karatasi ya vidonge.

"Dada, nani kakwambia dawa hii itazuia mtoto asizaliwe?"

"Hakuna."

"Vizuri, maana haizuii. Inatuombea muda tu. Tunataka siku mbili. Ndani ya hizo siku mbili utachomwa sindano, na sindano ndiyo inayokomaza mapafu ya mtoto. Kidonge kinashika mlango, sindano inafanya kazi ndani. Akija baada ya hapo, hata akija mdogo, ana nafasi nzuri zaidi ya kuhema."

"Kuhema," mshonaji alirudia. Machozi yalimlengalenga, akageukia dirishani.

Kidonge kilipochomolewa kwenye karatasi yake ya kung'aa, Famasi alikikodolea macho, kisha uso mzima ukachangamka.

"Sista! Si kidonge changu hiki? Hiki si cha presha?"

"Ni hicho hicho, mama. Hapa kina kazi nyingine."

"Kazi gani tena?"

"Kinalegeza misuli, na mfuko wa uzazi ni msuli. Lakini huyu presha yake ni ya kawaida, kwa hiyo..."

"Sista, natapika!" mtu aliita kutoka kitanda cha mwisho, na muuguzi akaenda. Hakurudi kuimalizia ile "kwa hiyo". Alikuwa peke yake na wodi nzima, na maneno aliyoondoka nayo mdomoni ndiyo yaliyokuwa na maana kuliko yote: kwamba kidonge kinachoshusha presha ya juu huishusha hata ile isiyohitaji kushushwa, na ndiyo maana mgonjwa hapewi mpaka apimwe kwanza. Famasi alibaki na nusu ya somo. Nusu hiyo ilimfurahisha sana. Miaka yote anatembea na dawa ya kuokoa mjukuu kifuani, naye hajui!

&nbsp;

Mume alikuja saa ya kuona wagonjwa. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na wenzake karakana walimwita Cheche kwa yale matundu madogo madogo yaliyojaa kwenye mashati yake. Mlinzi wa mlangoni alimtazama juu mpaka chini, akamwambia viatu hivyo haviingii wodini. Basi fundi akaingia na soksi, na soksi yenyewe kidole gumba kinachungulia. Alisimama kando ya kitanda akiwa amekiweka mguu mmoja juu ya mwingine ili kile kidole kisionekane.

"Unajisikiaje?"

"Uso unawaka na kichwa kinagonga. Sista kasema ni dawa."

"Na tumbo?"

"Linakuja kwa mbali. Wateja?"

"Wamekuja. Yule mama wa watoto watatu anataka kitambaa chake, hata kama hakijashonwa. Nikamwambia mke wangu yuko hospitali. Akasema pole sana. Halafu akaniuliza kitambaa kiko wapi."

"Kiko chini ya meza, kwenye mfuko wa bluu. Mpe tu."

"Nimpe halafu sisi—"

"Mpe, baba. Siwezi kushona nikiwa nimelala."

Cheche akainamia tumbo la mkewe. "Wewe, kaa humo humo. Huku nje hakuna cha maana, nakwambia ukweli."

"Usinichekeshe, litabana," mshonaji alisema, huku anacheka. Famasi naye alicheka, akapangusa macho kwa ncha ya khanga. Kwa dakika hizo wote watatu walisahau walipo.

&nbsp;

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, tumbo lilirudi. Muuguzi alikuja na kidonge kwenye kikombe kidogo, akapima presha, akapima tena mkono wa pili. Kisha akakifunika kile kikombe.

"Hiki tunakiruka."

"Lakini tumbo limerudi, sista," mshonaji alisema.

"Nimeliona. Lalia ubavu wa kushoto, kunywa maji. Namwambia daktari, halafu narudi kupima."

Akaondoka na kikombe chake. Famasi alikifuata kwa macho mpaka kikaishia mlangoni. Alisubiri. Muuguzi alipita na beseni, hakusimama. Akapita na mashuka, hakusimama. Kwa kweli alikuwa ameshamwambia daktari, na daktari alikuwa amesema subiri, lakini hayo yalisemwa huko ofisini na Famasi hakuwa na masikio ya huko.

"Sista, kidonge cha mwanangu vipi?"

"Mama, si nimesema narudi? Una haraka ya nini?"

Wodi nzima ilisikia. Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyekuwa amekaa pale siku nyingi na kujifanya mwenyeji, akamnong'oneza Famasi, "Hao ukiwaudhi wanakukomoa. Tena wewe ulimwudhi tangu siku ya kwanza."

Famasi aliamini, kwa sababu alikuwa anaogopa tayari. Kwake yeye hesabu ilikuwa rahisi: kidonge kinashika mlango, tumbo linabana, na mwenye kidonge amekasirika. Akavuta pazia. Wakati huo mfagiaji alikuwa anapita na ndoo yake; Famasi akampisha, akangoja hatua zake ziishe, kisha akakichomoa kipochi kifuani.

"Mama, sista kasema tusubiri," mshonaji alisema kwa sauti ya chini.

"Asubiri yeye. Mwaka juzi tulisubiri."

Mshonaji alikuwa mwanamke wa kupima mara mbili kabla ya kukata, lakini mkono uliokuwa mbele ya mdomo wake ulikuwa wa mtu aliyemwosha mwaka juzi alipokuwa hana nguvu za kujiosha. Akafungua mdomo.

"Kitafune," Famasi alisema, "kiingie haraka."

&nbsp;

Cheche alipoingia na soksi zake alimkuta mkewe amelowa jasho, midomo imepauka.

"Naona giza," mshonaji alisema. "Baba, naona giza."

Muuguzi alikuja mbio. Alipima, akatikisa kichwa, akapima upya. Akaweka kifaa tumboni kusikiliza moyo wa mtoto, na uso wake ukabadilika. Daktari aliitwa. Alikuwa kijana mwenye sauti tulivu, na utulivu wenyewe uliwatisha zaidi.

"Presha imeanguka ghafla. Tumbo linabana, mapigo ya moyo wa mtoto yanapungua. Inawezekana kondo la nyuma limeachia na damu inavujia ndani. Andaeni chumba cha upasuaji, tumtoe mtoto."

"Sindano hazijamalizika, daktari."

"Najua. Lakini kama ni damu, tukichelewa tunawakosa wote wawili."

Hakukosea. Mtu yeyote mwenye akili zake, akiwa na yale aliyoyaona tu, angesema hivyo. Muuguzi aliinama mpaka uso wake ukakaribiana na wa mgonjwa.

"Dada, kuna kitu umemeza? Kitu chochote, umepewa na mtu yeyote?"

Mshonaji aliyazungusha macho taratibu, yakamfikia mama mkwe wake aliyesimama miguuni pa kitanda. Yakakaa hapo kidogo. Kisha akayafumba.

"Hapana," alisema.

Famasi alisikia. Alisikia pia magurudumu ya machela yakija. Ni rahisi mtu kusema ningekuwa mimi ningetamka hapo hapo. Lakini mwanawe alikuwa pale, wodi nzima imenyoosha shingo, na yule wa kitanda cha pili ameshageukia ukutani kama mtu asiyejua lolote. Tena kuna sauti ilikuwa inamwambia kwamba pengine ni damu kweli, kwamba kidonge kimoja hakina neno, mbona mtaani wamekula wengi wakapona. Mkwe wake alikuwa amemsitiri. Kilichobaki kilikuwa kunyamaza tu, jambo ambalo hajawahi kuliweza maisha yake yote, na sasa ndilo lililokuwa rahisi kuliko mengine.

Walimnyanyua mshonaji kumweka kwenye machela. Famasi akashika chuma cha machela kwa mikono miwili.

"Nimempa mimi."

"Mama, pisha," daktari alisema.

"Sipishi! Nimempa mimi kidonge. Changu cha presha, hicho hicho chenu. Nimemwambia akitafune."

"Lini?" muuguzi aliuliza.

"Mlipokataa kumpa. Yule wa kufagia alikuwa anapita."

"Kimoja?"

"Kimoja. Haki ya Mungu, kimoja."

"Mama," Cheche alisema. Hilo neno alilomwita tangu utotoni lilimuuma Famasi kuliko tusi.

Daktari alishaweka mkono tumboni mwa mgonjwa. Alibonyeza hapa na pale, akangoja tumbo liachie, akabonyeza tena. Lilikuwa laini. Hapakuwa na damu. "Mrudisheni kitandani," alisema. "Dripu iende haraka, inueni miguu, alale ubavu. Upasuaji usubiri kwanza. Sista, usiondoke hapa." Kisha akamgeukia Famasi, na bado hakupandisha sauti. "Ungenyamaza kidogo tu, mama, tungempasua bila sababu. Sasa naomba utoke nje."

Akatoka. Mlinzi yule wa viatu alimwambia afungue kipochi akione, akakichungulia, akamrudishia.

&nbsp;

Benchi la kwenye ujia lilikuwa la mbao, na Famasi alikaa mwisho wake kabisa. Jua lilikuwa linaelekea kushuka muuguzi alipotoka, zamu imekwisha, mkoba begani. Alisimama, akafikiri, akakaa.

"Presha imepanda mahali pake," alisema. "Mtoto moyo wake unapiga vizuri. Tumbo linabana kwa mbali. Sindano inaendelea."

Famasi alilia bila sauti. Muuguzi alimwacha amalize.

"Ulidhani nimemnyima makusudi?"

"Nilidhani umenikasirikia kwa kuongea kwangu."

"Unaongea sana, hilo ni kweli." Muuguzi alivua miwani, akaifuta kwa gauni lake. "Lakini jana nilikukatia maneno katikati nikaondoka. Na leo nimekujibu vibaya. Presha ya mwanao ilikuwa imeshashuka, mama. Ningempa kile kidonge ningemshusha zaidi, na damu ya mama ikipungua nguvu, mtoto ndiye anayekosa hewa. Nilikuwa namlinda. Nilitakiwa kukwambia hivyo tu, maneno mafupi, na sikusema."

Famasi akauliza, kama mtu anayeogopa kufungua mlango, "Kwa hiyo hawa wote ninaowapa mtaani..."

"Huwa unawapima kwanza?"

Lilikuwa swali la Mwalimu. Muuguzi hakungoja jibu. Aliinuka, akauweka mkoba begani, akaenda kwake.

&nbsp;

Sindano ya mwisho ilichomwa kesho yake, siku mbili zikatimia, na vidonge vikasimamishwa. "Sasa hatushiki mlango tena," muuguzi alimwambia mshonaji. "Akitaka kukaa akae. Akitaka kuja aje." Mtoto alikaa usiku ule, kama vile aliyesikia maneno ya baba yake, na asubuhi akabadili mawazo.

Kabla hajaingizwa chumba cha kuzalia, mshonaji alikataa kwenda mpaka mama mkwe wake aitwe. Famasi alikuja mpaka mlangoni, kichwa chini. Hakuwa amekanyaga wodini tangu atolewe. Mkwe wake alimshika mkono.

"Mama, sare ya juu kabisa imebaki vifungo. Usimpe mwenyewe mpaka nirudi, utamshonea vibaya."

"Sitaigusa, mwanangu."

"Na usiende nyumbani. Kaa karibu nikusikie."

Mlango ukafungwa. Famasi akarudi kwenye benchi lake. Cheche alikaa kando yake, miguu imefichwa chini ya benchi. Hakuwa ameongea na mama yake tangu juzi ila kwa shida. Alimwona anaminya kichwa chake kwa vidole, pande zote mbili, macho amefumba.

"Kichwa?" aliuliza.

"Kidogo tu."

Muuguzi alikuwa anapita na kipimo chake. Alisimama. Aliutazama ule uso, ile shingo, na mishipa iliyosimama.

"Leta mkono, mama."

"Mimi si mgonjwa wenu."

"Leta mkono. Dawa umekunywa lini?"

Famasi alitazama sakafu. Cheche akanyoosha mkono, akachukua kipochi kwenye paja la mama yake, akavuta zipu. Ndani mlikuwa na karatasi za kung'aa tupu, zimetobolewa zote, na viberiti viwili vya mtu aliyewahi kulipa deni kwa namna yake. Kidonge hakikuwamo.

"Mama. Kile ulichompa..."

"Ndicho kilikuwa cha mwisho," Famasi alisema. "Wengine nimewakopesha, hawajarudisha."

Cheche alikifunga kipochi polepole. Alikishika kwa mikono yake yote miwili, ile iliyoungua ungua, wala hakukirudisha. Akasogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusa la mama yake.

Muuguzi alikuwa ameshafunga kitambaa. "Sasa utulie," alisema, anaminya mpira. "Usiongee nikipima."

Na hapo hapo, nyuma ya mlango, kitu kilikoroma, kikanyamaza. Wote watatu waliganda. Kikakoroma tena, kikavuta pumzi, kisha mtoto akalia, kwa sauti nyembamba, ya hasira, isiyokatika. Alilia, akahema, akalia tena, na kila alipohema Famasi alihema naye.

Mdomo wake ulifunguka. Alimtazama muuguzi, akakumbuka, akaufunga kwa kuubana na mkono uliobaki. Machozi yakawa yanapita juu ya vidole, mwili mzima unatetemeka, na mkono wenye kitambaa ameunyoosha mbele yake bila kuusogeza hata kidogo, kwa utiifu.

Muuguzi aliusikiliza ule mkono, kisha akavua vifaa masikioni. Hakukuwa na kipimo cha kuchukua hapo. Akaachia upepo kwenye kitambaa.

"Basi, mama," alisema. "Ongea. Nitapima tena baadaye."